Karatasi kwanza, chuma baadaye

Saa nne asubuhi, na Bernardine Byamungu ameshasimamisha mashine mara mbili.

Mara ya kwanza mteja wake, mstaafu wa posta mwenye masharubu meupe, alitaka kutoka nje kuangalia gari lake lisije likaandikiwa faini. Sasa anataka kwenda msalani. Bernardine anazima mashine, analegeza jiliwa, anachomoa kipande cheusi cha chuma kilichobanwa humo, anakifuta kwa kitambaa na kumkabidhi mwenyewe mkononi.

"You go, it goes with you," anamwambia.

Mzee anacheka. Anakikumbatia kipande chake na kwenda nacho msalani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Bernardine hacheki. Anabaki kwenye kigoda, kisigino chake cha kulia kikigongagonga sakafu, na kuisoma fomu ya yule mzee kwa mara ya nne. Jina. Mji. Jimbo. Namba. Anazifuata herufi kwa ncha ya kidole, anatupia jicho saa ya ukutani, halafu mlango wa msalani, halafu anarudi kwenye fomu.

"Zamani sikuwa hivi," anasema. "Nilikuwaka mutu wa kutulia kabisa. Sasa hata kukaa, siwezi kukaa."

Duka analofanyia kazi liko mtaa wa Frogtown, mjini Saint Paul, Minnesota, kwenye Barabara ya University. Treni ya Green Line hupita mbele ya dirisha kila baada ya dakika chache, na kila ikipita Bernardine huinua mkono kutoka kwenye chuma hadi vioo vitulie. Hapa wanachonga majina: kwenye vikombe vya washindi, beji za wauguzi, vibao vya milango, pete za ndoa. Tangu Januari mwaka huu wanachonga pia kwenye bunduki.

Si bunduki zote. Ni zile za mtutu mfupi.

Sheria ya Marekani inasema bunduki aina ya raifali, ile ya kuegemeza begani, ikiwa na mtutu ulio chini ya inchi kumi na sita, au urefu wake wote ukiwa chini ya inchi ishirini na sita, basi hiyo si bunduki ya kawaida tena. Raia anaweza kujitengenezea, na Minnesota inaruhusu, lakini ni lazima kwanza aombe kibali cha serikali kuu. Anatuma fomu, picha na alama za vidole, na mkuu wa polisi wa eneo lake anapelekewa nakala. Anasubiri. Akiufunga mtutu mfupi kabla jibu halijarudi, amevunja sheria, na kifungo chake kinaweza kufika miaka kumi.

Zamani kibali hicho kililipiwa kodi ya dola mia mbili. Januari kodi ikashuka hadi sifuri, na watu waliokuwa wakisita wakajimwaga.

Kibali kikitoka, linabaki jambo moja ambalo ndilo limemleta yule mstaafu wa posta. Aliyeomba kutengeneza lazima jina lake, mji wake na jimbo lake vichongwe kwenye chuma chenyewe, kile kipande cha kati kinachofungwa mtutu. Herufi zisiwe ndogo kuliko moja ya kumi na sita ya inchi, na zizame angalau kiasi cha unene wa unywele. Hairuhusiwi kuandika kwa rangi wala kubandika karatasi.

"Jina likiingia, haitoke tena," anasema Bernardine. "Ndiyo maana naogopa."

Kisha kuna kiti. Ni kiti chekundu cha plastiki, kilichowekwa hatua moja kutoka kwenye mashine. Mwenye duka, Cyrus Wanjala, Mkenya aliyekuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba za kulea kabla ya kulinunua duka hili, hana leseni ya kufanya biashara ya silaha. Kwa hiyo hawezi kubaki na bunduki ya mtu, hata kwa dakika ambazo mwenyewe anavuka barabara kununua kahawa.

"Hiyo kitu ikilala hapa hata usiku moja, mimi ndio niko kwa shida," anasema Cyrus. "So mwenyewe lazima akae hapo aiangalie. Akisimama, inasimama. Akienda, inaenda na yeye. Hakuna cha 'nakuja saa hii'."

Kwa sababu hiyo Bernardine, ambaye amezoea kufanya kazi peke yake akiimba kimoyomoyo, siku hizi anafanya kazi huku mtu amemkodolea macho. Wengine wanazungumza bila kupumua. Wengine wanatetemesha magoti. Mmoja alikuja na begi lenye kila kitu, mtutu mfupi ukiwa ndani, na alipoulizwa kibali akasema bado kinakuja. Bernardine hakugusa hata zipu. Alimwambia arudi na karatasi, na tena arudi na kile kipande cha kuchongwa peke yake.

"Karatasi kwanza, chuma baadaye," anasema, na ni sentensi anayoirudia mara nyingi kiasi kwamba binti yake, Gentille, mwenye miaka kumi na minne, humtania nayo kwa Kiingereza kila anapoombwa kuosha vyombo.

Lakini kuna siku ambayo Bernardine mwenyewe aliisahau sentensi hiyo, na ndiyo iliyomwondolea utulivu.

Jumanne ijayo Bernardine, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ana usaili wa uraia. Amejifunza maswali yote mia na zaidi. Gentille humhoji jikoni, akijifanya afisa, kalamu nyuma ya sikio. Msimu wa baridi uliopita watu wengi wa jamii yake walikuwa wakitembea na karatasi zao mfukoni hata wanapokwenda kununua maziwa, kwa kuogopa maafisa wa uhamiaji, na Bernardine alikuwa mmojawao. Kwenye fomu ya uraia kuna maswali kuhusu silaha, na kuna swali linalouliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo.

"Lile swali," anasema, na kuacha hapo.

Anachoutakia uraia ni pasipoti, na pasipoti anaitaka kwa safari moja. Baba yake, Mzee Byamungu, amezikwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Alifariki mwaka 2015. Waliweka msalaba wa mbao na jina kwa rangi nyeupe. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa imelifuta.

Linaloumiza ni kwamba Byamungu alikuwa mtu wa majina.

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, alikaa miaka ishirini na mitatu na nyundo ndogo, tindo tatu na gunia la kukalia, akiwachongea watu majina kwenye sufuria. Kila mwenye kuandaa harusi au matanga huazima sufuria kwa majirani, na zikishakusanyika arobaini jikoni, zote zinafanana. Bila jina ni ugomvi. Watu walimletea Byamungu sufuria mpya kabla hazijawahi kuona moto.

Bernardine alikuwa akishika sufuria isiteleze. Alipofika miaka tisa alipewa tindo.

"Papa hakuulizaka jina lako," anakumbuka. "Aliulizaka tu: nyumba ya nani? Unamujibu jina la mukubwa wa nyumba. Mama anaweza kuwa ndiye aliinunua, mutoto anaweza kuwa ndiye aliileta. Haina kitu. Sufuria iko ya nyumba, na nyumba iko na mukubwa wake."

Familia ilikimbia Bukavu mwaka 2004. Sufuria, nyundo na tindo vilibaki. Kambini afisa wa kuandikisha alimbandikia Bernardine jina la baba yake kuwa jina lake la pili, ingawa kwao si desturi, na limebaki hivyo hadi Minnesota, alikoletwa mwaka 2019. Alianza kwa kusafisha vyumba vya hoteli. Siku moja aliingia duka la Cyrus kutengenezewa beji, akaiona mashine, akaomba aishike. Leo analipwa dola ishirini na mbili kwa saa.

Hakuna alichonacho cha mkono wa baba yake. Hakubaki na barua, wala tindo, wala hata kijiko.

Basi mtu aelewe hali yake siku ile ya Machi, walipoingia dukani baba na mwanawe.

Kijana anaitwa Mugisho Murhula, ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, na Jumamosi hupenda kwenda na wenzake kulenga shabaha. Alikuwa ameomba kibali kwa jina lake, akakipata, akaja na kipande chake ndani ya sanduku. Baba yake, Mzee Birindwa, alikuja naye kwa sababu gari ni moja. Wasishangae wasomaji majina kutofanana. Kwa Wakongo wengi mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba.

Mzee Birindwa ndiye aliyekaa kwenye kiti chekundu. Mugisho alisimama nyuma yake, kama inavyostahili.

"Maman, uko wa wapi?" mzee aliuliza.

"Bukavu, papa. Kadutu."

"Kadutu! Na uko unachonga? Kulikuwaka pale mutu moja wa kuchonga sufuria, karibu na wale wanauza mafuta ya mawese. Mufupi, anavaaka kofia hata mvua ikinyesha."

Bernardine alizima mashine. "Huyo ni papa yangu."

"Haiwezekani."

"Ni papa yangu, mzee. Byamungu."

Mzee Birindwa alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamwambia: nyumbani kwake, hapa hapa Saint Paul, ana sufuria iliyochongwa na mkono wa Byamungu. Imepita Uvira, ikapita ziwa, ikapita kambi, ikapanda ndege na nguo zimesokomezwa ndani yake.

Walizungumza nusu saa. Bernardine alilia, akacheka, akaulizia watu waliokwisha kufa. Fomu ilikuwa mezani, wazi, chini ya mwanga wa taa. Na alipoirudia kazi yake, macho yangali mabichi, mdomo wake ulimuuliza mzee lile swali la Kadutu.

"Nyumba ya nani, papa?"

"Ya Birindwa," akajibu mzee, akikaa sawasawa.

Na Bernardine akachonga. BIRINDWA, SAINT PAUL, MN. Herufi safi, zimesimama vizuri, zimezama kama sheria inavyotaka. Mugisho aliona kila herufi ikiingia. Hakusema neno. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alijibu kwamba asingeweza kumsahihisha baba yake mbele ya mtu, na zaidi mbele ya mama anayesali kanisa lao, hata kama walikuwa hawajawahi kuzungumza.

Walilipa, wakaaga, wakaondoka na kipande chao.

Hiyo ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Saa kumi, Bernardine alikuwa akipanga picha za wiki. Cyrus ana utaratibu wake: kila kazi ya bunduki ikiisha, chuma na fomu vinawekwa pamoja na kupigwa picha moja. Bernardine alizipiga bila kuziangalia. Sasa akaangalia. Upande wa kushoto wa picha, fomu ilisema Mugisho Murhula. Upande wa kulia, chuma kilisema Birindwa.

"Nilisoma tena, herufi kwa herufi," anasema. "Fomu, chuma. Halafu nikakamata simu."

Alimpigia Mugisho. Simu haikupokewa; alikuwa ameingia zamu fupi ya ghalani, na huko simu hufungiwa kabatini. Alimpigia mzee. Imezimwa, Ijumaa jioni ni maombi. Alimwandikia Mugisho ujumbe mara tatu kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza: usifunge mtutu. Kijana alikuwa amesema wazi pale dukani kwamba mtutu mfupi unamsubiri nyumbani na ataufunga jioni ile ile, ili Jumamosi aende nayo kulenga shabaha.

Kipande chenye jina lisilo lake bado kilikuwa kipande tu. Lakini siku kitakapofungwa mtutu mfupi, kingekuwa bunduki ya kusajiliwa isiyo na alama ya aliyeitengeneza. Na mkono uliochonga jina la uongo ungekuwa mkono wa Bernardine Byamungu, mwombaji wa uraia.

Hakumwambia Cyrus. Hilo analikiri mwenyewe, na halifichi kwamba lilikuwa kosa la pili. Alinakili anwani ya Mugisho kutoka kwenye picha ya fomu, akachukua koti na kutoka. Alipanda treni hadi katikati ya mji, akashuka, akasubiri basi. Basi lilichelewa. Alitembea vituo viwili kwa miguu, akageuka nyuma kila hatua kumi, basi likampita akiwa katikati ya vituo. Anasema alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na mwanamke mmoja wa jamii ya Wahmong kutoka Asia akampa karatasi ya kufutia pua.

Alipofika nyumbani kwao, Mugisho alikuwa amesharudi. Alikuwa ametandika taulo kwenye meza ya kulia chakula. Kipande kilikuwa juu ya taulo, na mtutu mfupi ulikuwa ungali ndani ya boksi lake, lakini boksi lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

"Acha!" Bernardine alipaza sauti kabla hajasalimia. "Mugisho, acha kwanza!"

Mzee Birindwa alitoka chumbani kashika Biblia. Bernardine alieleza, akihema, akichanganya Kiswahili na Kimashi cha kwao na Kifaransa. Jina limekosewa. Aliyeomba ni Mugisho. Lazima liandikwe la Mugisho kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka utoe jina yangu kwa kitu ya nyumba yangu."

"Hii haiko sufuria, papa."

"Mutoto wa Byamungu ndiye anasema hivyo?"

Hapo Bernardine anasema alitamani ardhi immeze. Lakini aliendelea, kwa sababu lilikuwa limebaki jambo moja, na ni baya zaidi. Bunduki ile itakuwa ya Mugisho peke yake. Akienda kazini, hawezi kumwachia mtu mwingine, hata baba. Ufunguo wa kasha la kuifungia awe nao yeye. Wala wasiitie kwenye gari kwenda kuchoma nyama kwa ndugu upande wa Wisconsin, ng'ambo ya mto tu, bila kibali kingine cha kuvuka nayo jimbo.

"Donc, basi," alisema mzee polepole, "ndani ya nyumba yangu kutakuwa kitu moja ambayo mimi siwezi kushika ufunguo yake."

Mugisho alikuwa akitazama taulo.

Ndipo mzee akakaa, akaiweka Biblia magotini, akaeleza. Hakuipenda bunduki ile tangu mwanzo. Lakini mwana ni mtu mzima na hakuweza kumkataza. Usiku alifikiria: kule kwao, watu wenye silaha walipokuja kugonga, waliuliza neno moja tu. Nyumba ya nani? Na mkubwa wa nyumba ndiye aliyetoka nje. Baba yake mwenyewe alitoka hivyo, na hakurudi.

"Nikasema, hii chuma ikiwa na jina, ikuwe na langu," alisema. "Siku moja wakija kuuliza, nitoke mimi. Mimi nimeisha kula miaka yangu. Yeye abaki ndani."

Bernardine alisimama katikati ya sebule, koti lingali mwilini, mkoba ukiwa bado begani. Aliyesema ni Mugisho.

"Papa, hapa hawatakuchukua wewe pahali pangu," alisema kijana. "Watachukua wote mbili. Na maman huyu wa tatu."

Mzee alimtazama Bernardine kama anamwona sasa hivi. Akamuuliza kuhusu karatasi zake. Bernardine akamwambia: usaili, mwezi wa sita. Mzee akamuuliza anautafutia nini uraia kwa haraka hivyo. Bernardine akamwambia kuhusu msalaba wa Nyarugusu.

Boksi la mtutu lilifungwa. Mzee alilifunga kwa mkono wake.

Jumamosi asubuhi Bernardine alimweleza Cyrus kila kitu, amesimama, mkoba mkononi, tayari kufukuzwa.

"Nilikasirika sana, siwezi danganya," anasema Cyrus. "Si juu ya jina. Makosa hufanyika. Ni vile alitoka hapa bila kuniambia. Hii duka iko kwa jina yangu."

Akampigia simu rafiki yake mwenye leseni ya silaha, kisha wakili anayesaidia watu wa uhamiaji. Majibu yakaja, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake Bernardine akakaa chini. Mtutu haukufungwa, kwa hiyo hakuna bunduki iliyotengenezwa kinyume cha sheria. Jina la ziada kwenye chuma halikatazwi. Kinachokatazwa kabisa ni kukwangua namba ya kiwandani, na namba ile haikuguswa. Basi kisifutwe kitu. Lichongwe jina sahihi chini yake, mji na jimbo, na lipigwe picha upya.

Mugisho akaingia peke yake. Safari hii alikaa yeye kwenye kiti chekundu. Bernardine alisoma fomu, akamtaka naye aisome kwa sauti, akasoma tena, akamwita Cyrus aisome. Ndipo akachonga. Kupitia dirishani walimwona Mzee Birindwa kwenye gari ng'ambo ya barabara, amevaa miwani, anawaangalia. Hakuingia.

Kwa hiyo leo kuna bunduki moja Saint Paul yenye majina mawili, la baba juu na la mwana chini, na ni la chini tu ambalo serikali inalijua.

Bernardine alidhani ile sufuria hataiona kamwe. Aliona haya hata kumsalimia mzee kanisani. Zaidi ya miezi miwili ikapita. Cyrus alitundika ukutani maagizo kwa herufi kubwa: hakuna kuuliza jina kwa mdomo, jina linatoka kwenye fomu. Bernardine anayatii kupita kiasi. Siku hizi hata mama akija na kikombe cha mashindano ya mpira wa watoto, anamwomba karatasi.

Je, anazipenda bunduki? Anakunja uso. "Sizipendi. Zile za kwetu hazikuwa na jina hata moja. Ukiuliza ni nani alipiga, hakuna. Hii ya hapa, ikifanya mubaya, kuna mutu wa kujibu. Ni hivyo tu. Haiko upendo."

Mstaafu wa posta anatoka msalani, kipande kifuani. Anakaa kwenye kiti chekundu. Jiliwa linakazwa, mashine inaguruma, treni inapita, mkono unainuka, mkono unashuka. Baada ya dakika kumi na tano jina lake limo ndani ya chuma, picha inapigwa, inaangaliwa mara tatu, na mzee anapewa mkono.

Akishaondoka, Bernardine anavuta droo ya chini. Ana kitu anataka kuonyesha.

Wiki iliyopita, mchana, Mzee Birindwa alisukuma mlango wa duka akiwa amebeba mzigo uliofungwa kwa kitenge. Alifungua fundo, na ikawa sufuria ya alumini, imepinda ukingo, imekuwa nyeusi chini kwa miaka ya moto wa kuni. Ubavuni, herufi baada ya herufi, kwa tindo: NYUMBA YA BIRINDWA.

"Andika Mugisho pale chini," alisema mzee. "Mimi siku moja nitaondoka. Sufuria itabaki."

"Hii unaweza kuniachia, papa. Utarudi kesho. Sufuria haina sheria."

"Nitakaa," alisema mzee, na akakaa kwenye kiti chekundu, mikono magotini, hadi mwisho.

Bernardine hakutumia mashine. Aliazima nyundo ya Cyrus na tindo moja. Alipomaliza, aliomba ruhusa, akabandika karatasi nyembamba juu ya maandishi ya zamani, akaisugua kwa penseli hadi herufi za baba yake zikajitokeza, nyeupe juu ya kijivu. M ya miguu iliyotanuka. Y kama kikombe. Mzee Birindwa alitazama pembeni ili amwache alie vizuri.

Karatasi hiyo ndiyo iliyo kwenye droo. Chini yake kuna kibao cha shaba, ukubwa wa kiganja, kimeshakatwa, kimetobolewa matundu manne ya misumari, kimesuguliwa hadi kinang'aa. Hakina kitu.

Ndicho atakachokipeleka Nyarugusu. Kwa kadi ya ukaazi angeweza kusafiri hata sasa, lakini kwa hali ya mwaka huu hathubutu kuvuka mpaka bila pasipoti mkononi. Ana mtoto wa kumrudia. Anasubiri usaili wa Jumanne, kisha kiapo, kisha pasipoti. Cyrus amemwambia mara mbili akichonge sasa, mashine ni bure, itachukua dakika tano. Anakataa: karatasi kwanza.

Amekwisha kuzihesabu herufi. Zote za jina la Byamungu zimo kwenye ile karatasi ya penseli, kwa mkono wa mwenyewe, isipokuwa moja. Hakuna G. Hiyo atalazimika kuichonga kwa namna yake, na tayari anajua itakavyokuwa, kwa sababu aliichonga kwenye sufuria ya mzee, katika jina la Mugisho, na mzee akasema imefanana na za Byamungu.

Anakirudisha kibao droo ya chini, uso juu, anafunga. Kisigino chake kinaanza tena kugonga sakafu. Mlango unalia kengele. Mteja mwingine, sanduku chini ya kwapa. Bernardine anakivuta kiti chekundu karibu, na kunyoosha mkono kupokea karatasi.